Khalifa wa Kairo na Viazi vya Ijumaa

Hotuba ya kuaga ya Mwalimu Manase Mwalongo, Mkuu wa Shule ya Sekondari Relini, Makambako

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wetu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mama Elina, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, baba mchungaji, sheikh wetu, na viongozi wote wa dini mliobanana hapo mbele kwa sababu viti vya heshima vimepungua, Mwalimu Rodrick, ambaye kuanzia kesho asubuhi ndiye Mkuu wa Shule hii, walimu na wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Njombe mjini, Igwachanya na Mafinga, wazazi, wanafunzi wangu: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, na wote kwa pamoja, kamwene.

Mmeitikia vizuri, hata ndugu zangu wa Tanga na Kigoma ambao mlipofika Makambako miaka ile mlidhani kamwene ni jina la mtu.

Nimepewa dakika kumi na tano. Katibu wa sherehe ameweka saa yake mezani ili niione, nami nimeiona, na ninawatangazia kwamba nitaidharau. Mwalimu aliyefundisha historia miaka thelathini na minne hawezi kuaga kwa dakika kumi na tano. Hata hivyo baridi hii ya mwezi wa saba naijua, na najua kwamba huko nyuma mabakuli yanagongana na harufu ya pilau imeshafika hapa, kwa hiyo sitawachosha.

Ndugu zangu, waliotangulia kuzungumza wamenisifu hadi nikaanza kugeuka nyuma kumtafuta huyo mtu wanayemsema. Sheikh amesema mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, mtoto wa mzee wa kanisa wa Kidugala, lakini nimewapa watoto wa Kiislamu Ijumaa yao bila kusukumwa na mtu. Mchungaji naye akasema Amina. Nilifurahi, kwa nini niwafiche? Sifa ni tamu. Lakini nilipokuwa nikizisikiliza nilikuwa namtazama mama mmoja kijana aliyeketi safu ya tatu, mwenye mtandio wa kijani, naye alikuwa ananitazama mimi, na wote wawili tulijua kwamba sheikh amenisifu kwa nusu ya habari. Nusu nyingine nadaiwa mimi mwenyewe niiseme, maana nikiondoka nayo leo hakuna atakayeisema tena.

Kabla sijafika kwa huyo mama, niruhusuni nifundishe kipindi kimoja cha mwisho.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mjini Kairo, alitawala khalifa Mwislamu aliyeitwa Aziz. Katika nchi zake waliishi Wakristo na Wayahudi wengi, na kwa desturi ya dola za Kiislamu za zama hizo walikuwa na mkataba: watalipa kodi yao ya kichwa, nao wataachwa waabudu walivyozoea. Aziz alikwenda mbele zaidi ya mkataba. Mama wa binti yake alikuwa Mkristo. Waziri wake mmoja alikuwa Mkristo aliyeitwa Isa, na msaidizi wa waziri huyo kule Shamu alikuwa Myahudi aliyeitwa Manase. Naona mnacheka. Sikuyatunga majina hayo, na wala Manase huyo si babu yangu. Watu walinung'unika kwamba khalifa anawapa vyeo wasiostahili, wakamfikishia malalamiko yao, akayumba kidogo, akawaweka pembeni kwa muda, kisha akamrudisha waziri wake. Kwa zama zile, mtawala wa namna hiyo ungemtafuta sana ulimwenguni na usimpate.

Aziz akafariki. Kiti kikamwendea mwanawe Hakim, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Hakim alipokua akaifumua kazi ya baba yake. Aliamuru kanisa kuu la Yerusalemu libomolewe, lile ambalo sisi Wakristo tunaamini limejengwa palipokuwa na kaburi la Bwana. Wakristo wakalazimishwa kutembea na misalaba mizito shingoni, na Wayahudi nao wakapewa alama zao za kuvaa. Waislamu wenzake pia hawakupona na amri zake. Aliwakataza watu wa Misri kula mboga yao waipendayo kuliko zote, ile ya majani yanayovutika ambayo sisi tungeiita mlenda. Halafu miaka ya mwisho akageuka tena, akawaruhusu waliosilimu kwa hofu warudi kwenye dini zao, na makanisa yakaanza kujengwa upya. Aliyeruhusu ni yeye yule aliyebomoa.

Wakristo wenzangu, nawaona baadhi yenu mmeanza kukaa vizuri kwenye viti. Msikae vizuri sana. Zama hizo hizo walikuwepo wafalme Wakristo waliowabatiza Wayahudi kwa nguvu, na Mwislamu aliyekuwa chini yao hakuwa na waziri wa kumtetea. Sikuja kuwapimia dini hapa. Swali langu ni hili, na nililiuliza katika klabu ya historia kila mwaka tangu nianze kazi: baba na mwana walikaa katika jumba moja, walisali swala moja, walisoma Kitabu kimoja, na watu waliowatawala walikuwa wale wale. Ni nini basi kilichobadilika?

Wanafunzi hujibu kwamba Aziz alikuwa mwema na Hakim alikuwa mbaya. Nami kwa miaka mingi niliwapa alama zote kwa jibu hilo, mpaka siku niliyojua kwamba halitoshi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka mitatu tu katika kiti hiki. Mnakumbuka shamba la viazi lilivyokuwa, kuanzia hapa nyuma ya jiko mpaka kwenye tuta la reli. Ndilo lililotulisha. Kazi ya shamba ilikuwa Ijumaa kuanzia saa saba mchana, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini Ijumaa; niliikuta hivyo, nikaona inafaa. Wanafunzi wa Kiislamu walikuwa kumi na tisa. Saa saba wanakwenda msikitini mjini, wanarudi saa tisa wenzao wamekwisha kunawa. Manung'uniko yakaanza: hawa wanakula jasho la wenzao. Baadhi ya wazazi wakaja ofisini kuniambia hivyo hivyo.

Nami ni mtoto wa Kidugala. Kwetu mgeni akija anaonyeshwa shamba kabla ya kuonyeshwa sebule. Mtu tunamjua kwa jembe lake, na mtoto asiyelima tunamwonea huruma kama mgonjwa. Basi nikatunga kanuni, nikaibandika ubaoni kwa mkono wangu: asiyechimba Ijumaa, jina lake halitakuwepo kwenye orodha ya chakula cha mchana wiki inayofuata. Sikutaja dini ya mtu. Kanuni ilikuwa ya wote, Mkinga, Mbena, Mngoni, Mwislamu, Mlutheri. Nilijiona mtu wa haki kabisa, na niliporudi nyumbani siku hiyo nilikula ugali nikashiba.

Watoto kumi na tisa wakaanza kukaa nje ya bwalo saa ya chakula. Wengine walileta mihogo ya kuchemsha kutoka nyumbani. Wengine walisema hawana njaa, nami niliamua kuwaamini.

Miongoni mwao alikuwemo msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Salha, mwanachama wa klabu yangu ya historia, mtoto mwenye maswali. Jumamosi moja alfajiri nilipita shambani kuangalia kama sakitu, ule umande wa kuganda, imeunguza majani. Nikamkuta Salha peke yake, vidole vyekundu kwa udongo, ameshachimba mstari wake wote na kujaza madebe mawili. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: kama kosa langu ni kutochimba, basi nitachimba.

Ndugu wageni waalikwa, mnadhani nilimwambia nini mtoto huyo? Nilimwambia, "Salha, kanuni inasema Ijumaa."

Akasema, "Sawa, Mwalimu." Akafuta jembe kwa majani, akalirudisha stoo, akaenda zake. Madebe mawili yakapelekwa jikoni. Jumatatu shule nzima ikala viazi vile, na jina la Salha halikuwepo kwenye orodha.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo klabu ya historia ilikutana, na kipindi chetu kilikuwa Hakim wa Kairo. Niliposimulia habari ya mlenda watoto wakacheka sana. Mmoja akauliza ni mtawala wa namna gani huyu anayeingia mpaka kwenye sufuria za watu. Nikacheka nao. Salha hakucheka. Alikuwa anaandika, ameinamisha kichwa, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu wiki hiyo ya kushinda na njaa kwa amri yangu. Mimi mwenye shahada ya historia sikuona kitu.

Kesho yake akaja baba yake. Nyote mnamfahamu Mzee Kheri, msafirishaji, ambaye malori yake yanapeleka viazi vyetu Dar es Salaam. Yule pale, karibu na nguzo. Nilimwomba ruhusa jana nimtaje, akasema nitaje tu ilimradi nisimzeeshe. Siku ile alifika moja kwa moja kutoka safarini, hata vumbi hakupangusa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na faili la kanuni mezani na hoja zangu nimezipanga. Hakugomba. Alikataa chai, akakaa, akaniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, kiazi kikishaingia kwenye sufuria, kinajua kilichimbwa siku gani?"

Nilianza kusema habari za utaratibu, za nidhamu, za usawa, na kila neno nililolisema nililisikia linavyolegea likiwa bado mdomoni. Mzee Kheri alisubiri nimalize, akanishukuru, akainuka. Wiki ile akamhamishia Salha kwa shangazi yake Mafinga. Huko nafasi ya kidato cha tatu haikupatikana katikati ya mwaka, mtoto akakaa nyumbani mpaka Januari akaanza upya. Mwaka mzima wa mtoto ulikwenda kwa sababu ya neno Ijumaa.

Nilibadilisha kanuni siku tatu baada ya yeye kuondoka. Nikaruhusu kila mwanafunzi achague kuchimba Alhamisi au Ijumaa, na chakula kikawa cha wote. Ilikuwa rahisi hivyo. Shamba halikudai chochote. Na tangu hapo, jamani, ndipo nilipoanza kusifiwa. Watu wakasema Mkuu ana moyo mpana. Sheikh wa wakati ule akanitembelea. Miaka kumi na minne nimekula sifa hizo, na siku zote hizo mtu niliyemkosea sikuwahi kumwambia kwamba nilimkosea.

Mama mwenye mtandio wa kijani ndiye Salha. Siku hizi ni afisa ugani kule Wanging'ombe. Wazee wetu wa Igwachanya wasiomsikiliza mtu wanamsikiliza yeye kuhusu mbegu za viazi. Nilimwandikia barua kumwalika, nikadhani hatakuja. Salha, sikuombi usimame. Nisimame mimi, nimeshasimama. Mbele ya baba yako, mbele ya Bodi, mbele ya wanafunzi wanaodhani mwalimu hakosei: nilikukosea. Ulikuwa umefanya kazi, na mimi nikakunyima chakula ili nishinde. Naomba unisamehe.

Asante. Ameitikia kwa kichwa, inanitosha. Inanizidi.

Sasa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ungeweza kudhani hotuba imefika mwisho mzuri, mzee ametubu, watu wakale. Ningependa iwe hivyo. Lakini nina jambo moja ambalo halijaisha, na limebakiza siku mbili tu.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na mkutano wa wazazi katika ukumbi huu huu. Matokeo ya kidato cha nne mwaka jana yalishuka, wote tunajua, na Mwalimu Rodrick, ambaye ndiye mwalimu wetu wa taaluma na mchapakazi kuliko mimi, alileta mpango mzuri: mitihani sita ya kujipima, na atakayekosa alama za mitihani hiyo hataingia kwenye kambi ya masomo ya mwezi wa tisa. Wote tunajua kambi ile inavyosaidia. Anayesoma peke yake kijijini kwa kibatari hawezi kumfikia aliye kambini. Mpango ulipendekeza Ijumaa mchana. Wazazi wa Kiislamu wakasimama, Mzee Kheri, ambaye sasa ana mjukuu hapa, akiwa wa kwanza, wakasema Ijumaa haifai, na mkutano mzima ukakubali bila ubishi. Nilijivuna siku hiyo. Nikasema moyoni, tazama tumefika wapi.

Mitihani ikasogezwa Jumamosi. Makofi yakapigwa.

Ndipo mama mmoja akasimama kule nyuma. Alisema kwa sauti ndogo kwamba binti yake, Dorosela wa kidato cha nne, ni Msabato, na Jumamosi hafanyi mtihani. Kisha mtu mmoja, simtaji, akauliza, "Ni mmoja tu?" Watu wakacheka. Halikuwa cheko la ubaya, lilikuwa la kuchoka, mkutano ulikuwa umerefuka. Yule mama akakaa. Walutheri tulikuwepo, tukanyamaza, Jumapili yetu haikuguswa. Waislamu mlikuwepo, mkanyamaza, Ijumaa yenu mlikuwa mmeshaipata. Nami niliyekuwa kwenye meza kuu, mwalimu wa historia, nilitabasamu na kusema tuendelee na ajenda inayofuata.

Mnaliona jambo lenyewe? Waislamu hapa ni wachache, lakini wana msikiti, wana malori, wana Mzee Kheri. Walipozungumza walisikika. Dorosela ni mmoja. Hana mtu wa kumsemea isipokuwa mama yake, na mama yake tulimcheka.

Siku mbili baadaye mtoto mwenyewe alikuja ofisini. Hakulalamika. Aliniambia yuko tayari kufanya mtihani Jumapili asubuhi, mchana, saa yoyote, peke yake, kwa karatasi tofauti yenye maswali magumu zaidi kama walimu wanaogopa kwamba atanong'onezwa na wenzake. Nilimtazama nikamwona mwingine, mwenye vidole vyekundu na madebe mawili.

Nikamwita Mwalimu Rodrick. Naye nilimwomba ruhusa kusema haya. Ana hoja za kweli: karatasi ya pili ni kazi ya ziada kwa walimu waliochoka, na Jumapili hakuna msimamizi. Mwisho akaniambia, "Mkuu, ukisaini ruhusa yake wewe, mimi sitaipinga. Ila kanuni ni kanuni." Nilishindwa kumkasirikia. Ni sauti yangu mwenyewe niliyoisikia, ya miaka kumi na minne nyuma, na Mwalimu Rodrick ni mtu mwema kuliko nilivyokuwa mimi wakati ule.

Ningeweza kusaini. Kalamu ninayo, muhuri ni wangu mpaka saa kumi na moja jioni ya leo. Mngesema tena kwamba Mkuu ana moyo mpana, na Dorosela angefanya mtihani wake wa kwanza Jumapili hii. Je, wa pili? Wa sita? Na Msabato wa mwakani, au mtoto wa imani nyingine ambayo hata hatujawahi kuisikia hapa Makambako, atamwendea nani kupiga magoti?

Hapo ndipo jibu la wanafunzi wangu linaposhindwa kutosha. Ndiyo, Aziz alikuwa mwema. Lakini wema ule ulikuwa mali yake binafsi. Aliutoa alipotaka, aliupunguza aliposongwa na watu, na alipokufa aliondoka nao. Wakristo na Wayahudi wa Kairo waliishi vizuri kwa sababu mtu mmoja aliamka vizuri, na wakaja kuteseka kwa sababu mtu mwingine aliamka vibaya. Khalifa mwema na khalifa mbaya walikuwa na uwezo ule ule. Zama zile haikuwa rahisi kufikiri vinginevyo, na siwahukumu. Sisi tunaweza. Shule hii ilijengwa na wazazi, tofali kwa tofali, na kanuni zake zinatungwa na Bodi ya wazazi. Kwa nini basi mtoto wa shule hii aishi kwa kutegemea Mkuu ameamkaje?

Na hapa nawashangaza wanaonisifu: ile Ijumaa yenyewe haijaandikwa popote. Miaka kumi na minne ni maneno yangu tu. Sheikh, nimepekua kanuni zote za shule wiki hii, haimo. Mwalimu Rodrick akiamka kesho akasema shamba ni Ijumaa, hakuna karatasi ya kumzuia. Niliwapa fadhila nikadhani nimewapa haki, na nikaipokea asante yenu kana kwamba ni halali yangu.

Kwa hiyo sitasaini ruhusa. Badala yake nimeandika kifungu kimoja, mistari mitatu, nakisoma: "Hakuna mwanafunzi atakayenyimwa chakula, mtihani wala nafasi kambini kwa sababu ya siku ya ibada yake. Shule itampangia siku nyingine ya kazi au mtihani yenye uzito ule ule. Kifungu hiki hakiwezi kufutwa na Mkuu wa Shule peke yake." Kwisha. Ijumaa imo, Jumamosi imo, Jumapili imo, na siku ambayo hatuijui nayo imo.

Hoja za Mwalimu Rodrick sijazisahau. Walimu tisa wa kidato cha nne nimezungumza nao mmoja mmoja. Kila mmoja atatunga maswali kumi ya ziada, na wawili wamelalamika, nao wana haki ya kulalamika, lakini watatunga. Msimamizi wa Jumapili amepatikana. Ni mzee mmoja anayestaafu leo, anakaa nyumba ya tatu kutoka getini, anatoka ibadani saa sita, anakunywa chai, saa nane atakuwa hapa na miwani yake. Akiugua au akichoka, kifungu kinaidai shule itafute mwingine. Uzuri wake ndio huo, kwamba hakinihitaji mimi.

Mama Mwenyekiti wa Bodi ameniambia asubuhi hii, kwa ukali wake tunaoujua, kwamba Bodi haiendeshwi na hotuba. Ni kweli. Bodi inakaa leo saa tisa, na kifungu hiki kiko mezani. Lakini aliongeza kwamba Bodi ingependa kujua wazazi wanasemaje, kwa sababu wiki tatu zilizopita wazazi walisema kwa kucheka. Mtihani wa kwanza ni keshokutwa. Ndiyo maana nimeitumia karamu yangu vibaya namna hii, nami nawaomba radhi wapishi.

Ndugu wazazi, sitaki makofi. Makofi tulishapiga siku ile. Wanaokubali kifungu hiki kiandikwe, wanyooshe mikono, na waiache juu nipate kuona.

Naiona ya mchungaji. Naiona ya sheikh, asante. Nawaona akina mama wa safu za nyuma, wote. Salha, wewe si mzazi wa shule hii, lakini nyoosha tu, nani atakukataza? Wazee wa Kidugala, naona mnatazamana. Chukueni muda wenu. Mzee Kheri ameinua mkono na sasa amesimama kabisa. Mzee wangu ana neno, tumsikilize. Anasema siku ile ya mkutano alimsikia yule mama akizungumza, akajua ni lile lile lililompata binti yake, akanyamaza. Haya, tumesikia. Tulinyamaza wote, Mzee Kheri, kaa.

Mwalimu Rodrick, sikulazimishi. Kuanzia kesho wewe ndiye utakayefungwa na karatasi hii, si mimi, na hakuna mtawala anayependa kufungwa. Nakupa nafasi ya kufikiri.

Nimeuona mkono wako. Nashukuru, mwanangu. Umekuwa Mkuu wa Shule saa chache kabla ya wakati.

Mama Mwenyekiti, umeona mikono iliyo juu, na umeona iliyo chini. Hiyo ya chini nayo ina wenyewe, wana sababu zao, wasikilizwe saa tisa kwa heshima ile ile.

Na huyo kule dirishani, kwenye safu ya kidato cha nne, mwenye sweta la bluu. Dorosela, mama, shusha mkono. Umeshaomba vya kutosha. Leo tunaomba sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu wote, nimewaibia nusu saa na mmeniachia. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Nimemaliza kazi.